Kifungu cha 5 na wiki moja ya Machi

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, na niko hapa na kaka yangu Mwita, ambaye tangu asubuhi ananitumia ramani za Greenland kwenye simu kana kwamba tunatafuta kiwanja.

MWITA: Bei ikiwa nzuri, kwa nini tusinunue? Hapana, dada, leo tunazungumzia NATO, ule muungano wa kijeshi wa Ulaya na Amerika Kaskazini, na nina jambo moja linanikereketa. Kila mtu anauliza kama Marekani itajitoa. Mimi naona tunauliza kitu ambacho si cha kuogopa zaidi.

ZUHURA: Si cha kuogopa? Trump kasema mara ngapi kwamba hawa Wazungu wa Ulaya wanamnyonya?

MWITA: Kasema sana. Ila kutoka rasmi kuna mlolongo wake. Mkataba uliosainiwa Washington tarehe 4 Aprili 1949, Kifungu cha 13, unataka nchi itoe notisi kisha isubiri mwaka mzima. Juu ya hapo, Desemba 2023 Marekani ilipitisha sheria kwamba rais hawezi kuitoa nchi NATO bila theluthi mbili ya Seneti au sheria ya Congress. Na unajua mmoja wa maseneta wawili walioisukuma ni nani? Marco Rubio. Huyo huyo aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Trump.

ZUHURA: Siasa hizi!

MWITA: Ndiyo maana nasema, mlangoni hatoki. Lakini anaweza kukaa ndani, akaitwa, asiitike. Hilo halihitaji kura ya mtu yeyote.

ZUHURA: Hapo nakuunga mkono, kwa sababu nimekaa nikakisoma Kifungu cha 5 chenyewe. Sentensi ya kwanza wote tunaijua: shambulio la silaha dhidi ya mmoja wao, Ulaya au Amerika Kaskazini, ni shambulio dhidi ya wote. Watu wengi wanaishia hapo. Ukiendelea, kinasema kila nchi itamsaidia aliyeshambuliwa kwa kuchukua hatua itakayoona ni ya lazima, ikiwemo kutumia nguvu za kijeshi. Ikiwemo, Mwita! Yaani nchi inaweza kupeleka mahema na salamu za pole, na kwa maandishi ikawa imetimiza wajibu.

MWITA: Na hayo maneno hayakuponyoka kalamu. Maseneta wa Marekani wa 1949 hawakutaka mkataba uwaingize vitani moja kwa moja kabla Congress haijaamua. Kwa hiyo kilicholinda Ulaya miaka yote hii si karatasi. Ni Moscow kuamini kwamba Mmarekani atakuja, na Mmarekani kuweka wanajeshi wake pale pale, miaka ya karibuni 80,000, wakati mwingine 100,000, ili vita ikianza awe tayari yumo ndani.

ZUHURA: Kumbuka pia kifungu hicho kimetumika mara moja tu, na aliyesaidiwa ni Marekani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, NATO ilipeleka ndege saba za rada, zile AWACS zenye sahani kubwa mgongoni, zikalinda anga ya Marekani. Kuanzia Oktoba 2001 hadi Mei 2002. Wahudumu 830 kutoka nchi 13. Wajerumani na wenzao wanazunguka juu ya miji ya Marekani kuilinda! Halafu wakaenda Afghanistan. Denmark, nchi ya watu wasiofika milioni saba, ilizika wanajeshi zaidi ya 40.

MWITA: Denmark hiyo hiyo yenye Greenland, kisiwa ambacho Trump anakitaka.

ZUHURA: Subiri, Greenland tutafika. Nieleze kwanza hili la kuitwa usiitike. Lina mfano?

MWITA: Lina mfano mzuri sana, Machi 2025. Zelensky na Trump wamegombana Ikulu ya Marekani tarehe 28 Februari, mbele ya kamera, dunia nzima inaangalia. Siku chache baadaye Marekani inasitisha silaha kwenda Ukraine, na inasitisha taarifa za kijasusi. Watu waliongelea silaha. Mimi nilishtushwa na hizo taarifa, maana silaha zikizuiwa bado una zilizopo ghalani, unazitumia. Taarifa zikikatwa, unazima macho hapo hapo. Mizinga ya roketi ya HIMARS inahitaji kujua shabaha iko wapi, na kwa mbali sana kazi hiyo ilikuwa inafanywa na setilaiti za Marekani. Tahadhari ya mapema kwamba kombora limerushwa, vivyo hivyo.

ZUHURA: Ilidumu muda gani?

MWITA: Kama wiki moja hivi. Tarehe 11 Machi Marekani na Ukraine wakakutana Jeddah, bomba likafunguliwa tena. Lakini hiyo wiki moja, dada, kila waziri wa ulinzi Ulaya alikaa akajiuliza: kama ingekuwa sisi?

ZUHURA: Ukraine si mwanachama wa NATO, tuwe waangalifu. Hakuna ahadi iliyovunjwa pale.

MWITA: Kisheria, hakuna. Ila waliona swichi iko wapi na nani ameishika. Ndege za kivita za F-35 zinarushwa na nchi nyingi za Ulaya. Vipuri na programu zake vinatoka Marekani. Ndege za kujaza mafuta angani, nyingi ni za Marekani. Kwenye vita ya Libya 2011, Wafaransa na Waingereza ndio waliokuwa mbele kwa maneno, lakini mafuta ya angani yalitegemea Mmarekani, na baadhi ya nchi zikaanza kuishiwa mabomu ndani ya wiki chache. Robert Gates, waziri wa ulinzi wa Obama, akaenda Brussels Juni mwaka ule akawaambia wazi kwamba uvumilivu wa Wamarekani una mwisho.

ZUHURA: Kwa hiyo si Trump aliyeanza.

MWITA: Hata Gates hakuanza. Eisenhower, kamanda wa kwanza wa majeshi ya NATO Ulaya, aliandika 1951 kwamba baada ya miaka 10 kama wanajeshi wa Marekani watakuwa bado hawajarudi kwao, mradi mzima utakuwa umeshindwa. 1951!

ZUHURA: Sasa niingie kwenye hela, maana hapa watu wanapotoshwa sana. Trump anapoongea, unadhani NATO ni upatu: kila mwezi unapeleka kwa kijumbe, na Mjerumani hajapeleka tangu zamani, anadaiwa. Haiko hivyo. Ile asilimia 2 ya pato la taifa iliyokubaliwa Wales 2014 ni hela ambayo nchi inatumia kwa jeshi lake yenyewe. Haiendi kwenye mfuko wowote wa pamoja. Mfuko wa pamoja upo, lakini ni mdogo, na humo mwaka 2025 Marekani ilichangia karibu asilimia 16, sawasawa na Ujerumani.

MWITA: Ila lawama ya msingi ilikuwa ya haki. 2014 waliofikisha asilimia 2 walikuwa watatu.

ZUHURA: Sikatai, walilala. Na waliamshwa na Putin kuliko Trump, naomba tuseme hivyo. Poland inatumia zaidi ya asilimia 4 kwa sababu inapakana na Belarus na Kaliningrad, kipande cha Urusi, si kwa sababu ya hotuba. Finland ilikaa nje ya NATO tangu vita baridi, ikaingia Aprili 2023. Sweden ikafuata Machi 2024, wakawa 32. Halafu Juni 2025 wakakutana The Hague, wakaahidi asilimia 5 ifikapo 2035.

MWITA: Asilimia 5 yenye maji ndani.

ZUHURA: Haya, sema.

MWITA: 3.5 ndiyo ya jeshi lenyewe. 1.5 ni ya mambo yanayohusiana: barabara, bandari, ulinzi wa mitandao. Hiyo 1.5 ndiyo yenye vituko. Kule Italia kuna wanasiasa waliotaka daraja la Messina, la kuunganisha Sicily na bara, lihesabiwe kama matumizi ya ulinzi. Daraja la zaidi ya euro bilioni 13!

ZUHURA: Vifaru vitapita juu yake, kaka.

MWITA: Vinakwenda kumpiga nani Sicily? Na Uhispania ikasema waziwazi asilimia 5 haiwezi, 2.1 inatosha. Ila niwape haki yao: Ujerumani imebadilika kweli. Ilirekebisha katiba Machi 2025 ili matumizi ya ulinzi yasibanwe na ukomo wa kukopa. Na inapeleka brigedi ya kudumu Lithuania, watu kama 5,000, ikamilike 2027. Wanajeshi wa Kijerumani wanahamia na familia zao, watoto wanatafutiwa shule. Hilo kwangu lina uzito kuliko asilimia zote, kwa sababu Mrusi akivuka mpaka anamkuta Mjerumani.

ZUHURA: Tatizo linabaki kwamba hela ya 2025 hainunui kitu cha 2025. Setilaiti, ndege za mafuta, mitambo ya Patriot ya kudungua makombora, foleni ni ya miaka. Uliona Septemba 2025 droni za Urusi zilipoingia Poland? Karibu 20. Zilirushwa F-35 za Uholanzi, F-16 za Poland, ndege ya rada ya Italia, Patriot za Ujerumani zikawekwa tayari. Ushirikiano mzuri sana, umekwenda kama ulivyopangwa. Halafu asubuhi wakaokota mabaki mashambani: mbao nyepesi na povu gumu. Droni za kuhadaa, za bei chee. Kuzidungua unatumia kombora la mamia ya maelfu ya dola.

MWITA: Na hapo ndipo Ukraine inapogeuka kuwa mwalimu. Wao wana droni za kudungua droni, za bei ndogo, na Poland na Denmark wakawaita Waukraine waje kuwafundisha.

ZUHURA: Sasa Greenland. Toa ramani zako.

MWITA: Ramani moja tu. Kaskazini magharibi kuna Pituffik, zamani ikiitwa Thule. Kambi ya Marekani, ina rada ya kuona makombora yakitokea upande wa Urusi kupitia ncha ya kaskazini. Iko pale kwa makubaliano ya 1951 kati ya Marekani na Denmark. Mmarekani akitaka kuongeza wanajeshi, anazungumza na Denmark. Mlango haujafungwa! Lakini Januari 2025, kabla hata hajaapishwa, Trump akaulizwa kama anaondoa uwezekano wa kutumia jeshi kuichukua, akakataa kuuondoa. Januari 2026 akatishia ushuru kwa nchi nane za Ulaya, kisha akarudi nyuma alipokuwa Davos.

ZUHURA: Na mkataba hauna jibu la mwanachama kumtamani mwanachama.

MWITA: Hauna. Ndiyo maana nasema karatasi...

ZUHURA: Hapa nitakupinga kidogo. Unaongea kana kwamba zamani palikuwa na usafi. Utangulizi wa mkataba unataja demokrasia, uhuru wa mtu binafsi na utawala wa sheria. Na kati ya waanzilishi 12 alikuwepo Ureno wa Salazar! Dikteta mtupu. Kwa nini? Visiwa vya Azores, kituo cha ndege katikati ya Atlantiki. Ujerumani Magharibi iliiuzia Ureno ndege za kivita za Fiat G.91 kwa sharti la kulinda eneo la NATO. Zikaonekana wapi? Guinea-Bissau. Kisha Msumbiji.

MWITA: Eneo ambalo mkataba wenyewe haulihusu, maana Kifungu cha 6 kinaishia Tropiki ya Kansa, ule mstari wa ramani unaokatiza Sahara.

ZUHURA: Ureno ikajibu kwamba Msumbiji ni Ureno. Wazee wetu wa Mtwara na Ruvuma waliopokea wakimbizi, na Nachingwea walipofunza wapiganaji wa FRELIMO, hawakuhitaji kuelezwa kwamba neno demokrasia kwenye mkataba ule lilikuwa na mipaka. Kwa hiyo nikisikia Ulaya inalia kwamba Marekani imesahau maadili ya pamoja, nasikitika nao, lakini siyo sana. Maslahi yalikuwepo tangu mwanzo.

MWITA: Nakubali, ila geuza shilingi. Ureno ilipinduliwa 1974 na maofisa wake wenyewe, waliochoshwa na vita hizo. Uhispania iliingia 1982, Franco akiwa ameshakufa. Wapoland, Waestonia, hakuna aliyewalazimisha, walipiga hodi wenyewe. Kwao demokrasia na NATO vilikuja kwa basi moja.

ZUHURA: Haya. Miaka 10 ijayo unaionaje? Usikimbie.

MWITA: Naona NATO itakuwepo, na bendera zote 32. Jeshi la ardhini litakuwa la Wazungu kwa sehemu kubwa. Mmarekani atabaki na nyuklia, setilaiti, na ujasusi. Na pengine siku moja yule kamanda mkuu wa Ulaya, ambaye tangu Eisenhower amekuwa Mmarekani, atakuwa Mjerumani au Mpoland.

ZUHURA: Mimi hiyo nyuklia ndiyo siioni ikitulia. Ufaransa ina vichwa karibu 290, Uingereza kama 225. Julai 2025 wakatangaza kwamba silaha zao ni huru lakini zinaweza kuratibiwa. Ni jambo kubwa, kwa Ufaransa ya de Gaulle aliyeyaondoa majeshi yake kwenye kamandi ya NATO 1966 na kuwafukuza makao makuu kutoka Paris. Lakini muulize mtu wa Vilnius, kule Lithuania: Paris itajiweka hatarini kwa ajili yako? Ni swali lile lile waliloliuliza kuhusu Washington, limehama tu bahari.

MWITA: Na wanayo tarehe ya kulijibu. Waliokaa The Hague walikubaliana mwenendo wa hizo asilimia upitiwe 2029. Januari mwaka huo huo Marekani inaapisha rais mwingine.

ZUHURA: Ambaye anaweza kuwa JD Vance, makamu wa Trump, aliyewasomea Wazungu somo pale Munich Februari 2025.

MWITA: Au mtu wa chama kingine kabisa, ambaye atawakumbatia wote na kuwaambia mambo yamerudi kama zamani. Huyo ndiye ningemwogopa kama ningekuwa waziri wa fedha wa Berlin. Ataletewa bajeti ya vifaru mezani, na wapiga kura watasema, si kaka mkubwa amesharudi?

ZUHURA: Hilo sikuwa nimelifikiria. Wasikilizaji, tuandikieni mnaonaje, hasa mlioko Ujerumani na Scandinavia, mtuambie huko vijana wanazungumza nini kuhusu kuitwa jeshini. Tutasoma kipindi kijacho.

MWITA: Na mwenye bei ya kiwanja Nuuk, kule Greenland, anipigie.