Bendi ya Mtu Mmoja: Albamu ya Kwanza ya Foo Fighters

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Leo nimemlazimisha Baraka asikilize albamu moja mara nne, na sura aliyokuja nayo hapa si ya mtu mwenye furaha.

BARAKA: Mara tano, dada. Ya tano nilikuwa naosha vyombo.

ZUHURA: Ni Foo Fighters, bendi ya roki ya Marekani, ile albamu yao ya kwanza kabisa, iliyobeba jina la bendi. Ilitoka tarehe 4 Julai 1995. Hebu waambie wasikilizaji nilivyokutega.

BARAKA: Aliniuliza, humu ndani unasikia watu wangapi? Nikajibu kwa kujiamini kabisa: wanne. Magitaa mawili, besi, dramu. Kumbe ni mtu mmoja, Dave Grohl, anapiga kila kitu na kuimba yeye mwenyewe.

ZUHURA: Ukiondoa kipande kimoja cha gitaa kwenye “X-Static”. Hicho alipiga Greg Dulli wa bendi ya Afghan Whigs, ambaye alikuja studio kutazama tu, akapewa gitaa.

BARAKA: Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Huyu kavunja 12.

ZUHURA: (anacheka) Nyimbo 12, ndiyo. Sasa kwa wasiomjua, Grohl alikuwa mpiga dramu wa Nirvana, bendi ya roki iliyovuma sana miaka ile. Mwimbaji wao, Kurt Cobain, akajiua kwa risasi Aprili 1994, na bendi ikafa naye. Grohl ana miaka 25. Amesimulia mwenyewe kwamba kwa miezi hakutaka hata kuwasha redio. Akaenda Ireland, kule Kerry, kwenye barabara za mashambani ambako hakuna mtu. Akamwona kijana anaomba lifti. Gari linasogea, kijana anazidi kuonekana, na kwenye fulana yake kuna sura ya Kurt.

BARAKA: Eh! Hapo mimi ningegeuza gari.

ZUHURA: Na yeye hakumchukua. Ila anasema hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuna pa kukimbilia, bora arudi akafanye kazi.

BARAKA: Sasa mimi nina swali la kihasibu. Huyu mtu alikuwa na ofa. Novemba 1994 alipiga dramu na mwanamuziki Tom Petty na bendi yake ya Heartbreakers kwenye kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live, na wakamtaka abaki. Hiyo ni ajira ya uhakika, bwana! Kwa nini uiache kwa ajili ya kaseti yako mwenyewe?

ZUHURA: Kwa sababu kaseti ilikuwa imesharekodiwa mwezi mmoja nyuma. Oktoba alikodi studio ya Robert Lang, pale Shoreline, juu kidogo ya Seattle. Wiki moja tu. Na kwenye mitambo alikuwa na rafiki yake wa zamani, Barrett Jones. Sasa sikia hili, studio hiyohiyo ndiyo Nirvana waliyorekodia mara ya mwisho, Januari mwaka huohuo.

BARAKA: Hilo sikulijua. Miezi tisa tu imepita. Kwa hiyo anaingia chumba kilekile, anakaa nyuma ya dramu, halafu mbele yake...

ZUHURA: Hamna mtu. Na dramu ndizo alizoanza nazo. Jaribu kupiga picha: hakuna gitaa la kumwongoza, wimbo uko kichwani tu. Anajua beti inaishia wapi, kibwagizo kinaingia wapi. Akimaliza anakimbia chumba cha pili, bado anavuja jasho, mikono inatetemeka, anachukua gitaa. Kisha besi. Labda gitaa lingine juu yake. Anakunywa kahawa kidogo, wimbo unaofuata. Kwa siku walikuwa wanarekodi nyimbo nne hivi.

BARAKA: Huo ni uwendawazimu. Ila unasikika, nakubali. Ile kasi ya mtu anayepigana na saa ipo.

ZUHURA: Na hakujifunza pale. Akiwa mtoto alikuwa na mashine mbili za kaseti. Anarekodi gitaa kwenye moja, anaitoa kaseti, anaipiga kwenye redio kubwa ya nyumbani, na huku inalia anapiga dramu mbele ya mashine ya pili inayorekodi vyote pamoja. Hata akiwa na Nirvana aliendelea kujirekodia nyimbo zake. Kuna kanda yake ilitoka mwaka 1992, na hata hiyo hakuitoa kwa jina lake. Alijiita Late!

BARAKA: Mtu wa kujificha huyu.

ZUHURA: Sasa umefika nilipotaka! Foo Fighters ni jina walilotumia marubani wa Vita Kuu ya Pili kwa mianga ya ajabu waliyoiona angani. Akachagua jina la wingi makusudi, ili ukiishika kaseti ufikiri ni genge la watu. Akatoa nakala 100, akazigawa kwa marafiki na kwa watu asiowajua vizuri. Haikuwa albamu. Ilikuwa dawa yake mwenyewe. Halafu kampuni za muziki zikaanza kupiga simu.

BARAKA: Na baadaye akasema ni jina la kijinga kuliko yote duniani.

ZUHURA: Amelisema mara nyingi. Alidhani halitadumu.

BARAKA: Sasa niruhusu nitoe dukuduku. Mashairi. Dada, mashairi hayana kitu! Nimekaa na karatasi nikifuatilia, ni maneno yanayofukuzana tu. Kuna mahali anaimba kama mtu anayesoma lebo za chupa dukani.

ZUHURA: Amekiri. Mengine aliyaandika dakika chache kabla ya kuimba.

BARAKA: Basi na tusimpambe. Hiyo ni demo, rekodi ya majaribio tu, nzuri iliyobahatika.

ZUHURA: Hapana, kaka, hapo sikufuati. Fikiria mtu aliyekuwa kwenye bendi ile, mwaka ule. Neno lolote lenye maana angeliandika, watu wangelichimbua wamtafute Kurt ndani yake. Na walimtafuta hivyohivyo! Jalada lina bastola ya kuchezea ya Buck Rogers, yule shujaa wa hadithi za anga za juu, picha aliyopiga mkewe wa wakati huo. Watu wakaona ni kejeli juu ya kifo. Yeye alipenda tu vitu vya anga za juu.

BARAKA: Bastola, mwaka mmoja baada ya yale? Hapo hata mimi ningemwambia achague sahani inayoruka.

ZUHURA: Sawa, hapo umenishinda. Lakini sauti sasa. Weka hedifoni usikilize anavyoimba. Karibu kila mahali amejirekodi mara mbili, sauti juu ya sauti, kwa sababu hakujiamini kama mwimbaji. Hata kwenye sauti amejifanya watu wawili. Mimi ndicho ninachokipenda kwenye albamu hii kuliko zote zilizofuata: mtu ana woga, na woga hajaufuta.

BARAKA: Hapo sina ubishi. “Big Me” ni laini mno, nilishangaa ni mtu yuleyule anayeua dramu.

ZUHURA: Kisha ikabidi atafute bendi ya kweli, maana jukwaani huwezi kukimbia chumba hadi chumba. Krist Novoselic, aliyepiga besi Nirvana, alizungumziwa, wakaona itaonekana ni Nirvana imefufuliwa. Akawachukua Nate Mendel na William Goldsmith kutoka bendi ya Sunny Day Real Estate, iliyokuwa inavunjika, mmoja wa besi na mwingine wa dramu, na Pat Smear, aliyekuwa gitaa la pili la Nirvana kwenye ziara za mwisho.

BARAKA: Kwa hiyo picha za matangazo ya albamu zina wanaume wanne, na watatu hawajagusa hata waya mmoja humo.

ZUHURA: Hata mmoja.

BARAKA: Na hapo ndipo penye kasoro yenyewe. Njoo albamu ya pili, 1997. Goldsmith anarekodi dramu zake, Grohl hazimridhishi, anazirudia karibu zote mwenyewe. Goldsmith anaondoka. Ukishazoea kuwa bendi peke yako, wenzako wanageuka wageni.

ZUHURA: Hilo... ndiyo. Siwezi kumtetea. Nate Mendel alivumilia, na yupo hadi leo.

BARAKA: Mwamba huyo. Mpigieni makofi Nate.

ZUHURA: Kabla hatujafunga, wimbo mmoja wa kubaki nao?

BARAKA: “Exhausted”. Wa mwisho. Karibu dakika sita, gitaa zito, linavuma kama mashine iliyosahaulika inawaka. Mara ile ya tano vyombo viliisha nikiwa katikati yake. Nikafunga maji, nikasimama pale na sahani mkononi hadi ukaisha.