Kitabu cha Kwanza Si Deni

Asalaam aleykum, mabibi na mabwana. Mada ya leo mwaijua, na waliokwisha kunisikia wanaweza kwenda kunywa kahawa hapo nje wakarudi, maana nitasema lile lile: kitabu cha kwanza cha mfululizo mrefu wa fantasia, hadithi za falme na uchawi wa kubuni, si deni. Ukikifungua hujatia sahihi popote.

Nalirudia kwa sababu wapenzi wa fantasia wakikutana mji huu, iwe barazani Mji wa Kale au juu ya feri ya Likoni, hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza husema: wewe anza tu, vumilia, mambo yatakolea juzuu ya nne. Yakhe, nani humkaribisha mgeni akamwambia biriani iko tayari kesho kutwa, akae tu anuse? Fungu la pili husema: mimi sianzi mpaka mwandishi amalize. Hawa hujiona werevu, na ndio ninaowataka leo.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, sote twalijua hilo. Lakini tuache methali, tushike kitabu ambacho hakuna nyumba ya pwani isiyokijua: Alfu Lela Ulela, yaani masiku elfu moja na moja. Hati ndefu kongwe ya Kiarabu ya kitabu hicho ina masiku 282. Si 1001, ni 282, na inakatika katikati ya kisa cha Kamaruzamani. Mfaransa Antoine Galland aliipata hati hiyo, akaanza kutoa tafsiri yake mwaka 1704, juzuu baada ya juzuu. Masiku yakamwishia mkononi, na wasomaji wadai zaidi! Mwaka 1709, mjini Paris, akakutana na kijana wa Halab huko Shamu, Hanna Diyab, na kijana huyo akamsimulia visa vya mdomo. Aladini ni wa huyo kijana. Ali Baba ni wa huyo kijana. Vile visa ambavyo dunia nzima hudhani ndio moyo wa kitabu havikuwamo kabisa katika hati. Galland akafa 1715, na juzuu mbili za mwisho, ya 11 na ya 12, zikatoka 1717 yeye kaburini.

Sasa mchukueni mtu wa fungu la pili, mkamkalishe Paris mwaka 1704. Anasema: mimi nangoja usiku wa 1001. Atangoja miaka 13, mfasiri atamfia njiani, na hata juzuu ya 12 ikitoka hatahesabu masiku 1001 humo ndani. Jirani yake aliyenunua ya kwanza amekwisha kucheka, kulia na kumsimulia mkewe. Nani mwerevu hapo?

Nasikia mtu kule nyuma akinong'ona: hivyo ni visa vifupi vifupi, mfululizo wa siku hizi ni kisa kimoja. Sawa, nakupa hicho. Basi tuchukue The Wheel of Time ya Robert Jordan. Juzuu ya kwanza ilitoka 1990. Mwandishi akafa 2007, juzuu 11 zikiwa nje. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wa vitabu hivyo, akamteua Brandon Sanderson amalizie kwa maandishi aliyoyaacha marehemu, na zikatoka tatu: 2009, 2010 na 2013. Jumla 14, mbali na kile cha utangulizi. Mtaniambia: si ndiyo hiyo, tulingoja na ikamalizika! Ilimalizika, naam. Lakini aliyengoja alingoja miaka 23, na malipo yake ni kutupiwa maneno takriban milioni 4.4 kwa mkupuo, kama mtu aliyekosa harusi akaletewa sufuria zote za pilau nyumbani. Na kurasa za juzuu ya kwanza ni zile zile za 1990. Hazikuongezeka utamu hata chembe kwa sababu ya mwisho kupatikana.

Na George R. R. Martin je, yule wa A Song of Ice and Fire, iliyozaa Game of Thrones ya televisheni? Najua mmekuja kwa ajili yake. Juzuu ya kwanza 1996, ya tano 2011, ya sita bado. Wanaomkasirikia wana haki ya kukasirika, ila wakasirikie kitu chenyewe. Juzuu ya tatu, ya mwaka 2000, haijaharibika kwa kuwa ya sita haijaja. Lililo la kumwonya msomaji ni jingine, nalo halisemwi: juzuu ya nne na ya tano zinakwenda sambamba kwa wakati kwa sehemu kubwa, kisa kimegawanywa kwa wahusika na mahali. Ukifungua ya nne ukawatafuta watu uwapendao, karibu nusu yao hawamo. Wengi huachia hapo wakidhani mwandishi amewasahau. Hakuwasahau. Wako juzuu ya tano.

Haya, hesabu. Hii ndiyo sehemu ninayotaka muandike.

Mtu akiambiwa vitabu 14 hupiga hesabu ya vitabu 14 na moyo ukamvunjika. Hesabu hiyo si yake leo. Fanya hivi. Chukua kitabu chenyewe, fungua ukurasa uliojaa usio na mazungumzo mengi. Hesabu maneno ya mistari mitano, gawanya kwa tano, zidisha kwa idadi ya mistari ya ukurasa. Kisha weka saa dakika 20, usome kama unavyosoma siku zote, usikimbie kwa kuwa unapimwa. Kurasa ulizosoma zidisha kwa maneno ya ukurasa, gawanya kwa 20. Hiyo ndiyo kasi yako kwa dakika. Vitabu hivi wengi wetu twavisoma kwa Kiingereza, lugha ya pili au ya tatu, kwa hivyo msione haya mkipata 180 badala ya 250.

Kwa kasi ya 180, maneno milioni 4.4 ni saa 407. Inatisha, najua. Sasa juzuu ya kwanza peke yake: ina maneno 300,000 na ushei, yaani saa 28 hivi. Saa moja kwa siku, ni mfungo mmoja wa Ramadhani na Idi umekwisha. Hicho ndicho unachoamua leo. Saa 28! Mtu anaangalia mechi za ligi ya Uingereza saa nyingi kuliko hizo kabla ya Krismasi, na hakuna anayemuuliza kama msimu utamalizika.

Atasema mwingine sisi watu wa huku hatuna pumzi ya masimulizi marefu. Wallahi hili hunichoma. Utenzi wa Ras al-Ghuli una beti zaidi ya 4,000. Kila ubeti vipande vinne, kila kipande mizani minane. Hesabuni, ni zaidi ya vipande 16,000 vya vita, mapanga na maadui wasiokwisha. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, nao si wa kusoma ukisubiri chai ipoe. Tenzi hizi zilighaniwa mbele ya watu, na msikilizaji aliingia alipoingia, akaondoka usingizi ulipomshika. Hakuna aliyesimama mlangoni akauliza kwanza: zimebaki ngapi?

Turudi. Juzuu ya kwanza umeianza. Sasa wapi watu hukwama? Hukwama kwenye majina, kama ukurasa wa 60 mpaka wa 120. Mwandishi amekuletea falme tatu, milima miwili na mjomba wa kila mtu. Msomaji hufanya moja ya makosa mawili. La kwanza ni kukimbilia intaneti. Usithubutu! Ukiandika jina la mhusika tu, kabla hujamaliza herufi, kisanduku cha kutafutia kinakupendekezea neno "kifo" mbele yake, na kisa kimeharibika. La pili ni kufungua orodha ya majina iliyo nyuma ya juzuu nyingine. Ya juzuu uliyo nayo ina nafuu kidogo. Ya juzuu ya tatu ni orodha ya waliokufa katika ya kwanza na ya pili, imepangwa kwa ukoo.

Dawa ni daftari la shule la kurasa 48. Piga mistari, upate safu tatu: jina, ni wa nani, ulimwona wapi mara ya mwisho. Andika mtu anapotokea mara ya pili, si ya kwanza. Ukimwandika kila mlinzi wa lango daftari litakwisha kabla ya kitabu. Watu 25 hivi wakishaingia humo, utajikuta hulifungui tena.

Lakini tahadhari: si kila mfululizo hukusaidia. Malazan ya Steven Erikson, juzuu 10, za 1999 hadi 2011, hukutupa katikati ya vita vilivyokwisha kuanza bila kukueleza chochote, na juzuu ya pili inahamia bara jingine na wahusika wengi wapya. Anayekwambia usome hiyo kwanza hakutakii mema. Mwanafunzi wa kuogelea humpeleki nje ya mwamba siku ya kwanza.

Sasa bonde la katikati. Kila mfululizo mrefu una bonde, mahali kisa kinapozorota, na watu huliita uvivu wa mwandishi. Si uvivu, ni hesabu. Juzuu ya kwanza kisa kinafuatwa kwa macho ya watu wachache. Kila juzuu wanaongezeka, na kila mmoja ana mashabiki wake wanaomdai. Ukurasa ni ule ule, midomo imeongezeka. Kwa hivyo siku za ndani ya kisa hupungua: juzuu moja miezi, nyingine majuma. Inakuwa matatu ya Likoni, kila kituo lazima isimame hata kama hakuna anayeshuka. Mfano maarufu ni juzuu ya 10 ya The Wheel of Time, ya mwaka 2003. Mwishoni mwa ya tisa linatokea jambo kubwa mno. Ya kumi inafunguliwa, na badala ya kusonga inarudi nyuma kukuonyesha fulani alikuwa wapi siku ile, na fulani, na fulani mwingine. Waliokuwa wamengoja zaidi ya miaka miwili walitaka kulia.

Hapa, kwa haki, nawapa fungu la pili pointi moja: anayesoma leo anafungua ya 11 jioni ile ile. Bonde lile ni jepesi kwake kuliko lilivyokuwa kwa wale wa 2003. Nimekiri, msinishangilie.

Cha kufanya bondeni ni hiki: soma ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa kila sura ya mtu usiyempenda, sura za unaowapenda zisome zote. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwandishi mzuri akizunguka sana atarudi palipo na shina la kisa, nawe utamkuta hapo. Na ukiona huwezi, funga. Ukishindwa bondeni hujashindwa mtihani, kwani nani aliyeuweka?

Kwa anayeogopa hata bonde, kuna njia ya mwandishi Robin Hobb: vitabu 16, 1995 hadi 2017, lakini vimegawanywa mafungu matano, manne ya vitabu vitatu vitatu na moja la vinne. Fungu la kwanza lina mwisho wake. Soma vitatu, nenda zako, rudi ukitaka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona, bwana. Basi kwa haraka, kuhusu kununua mtumba.

Chapa za Uingereza za Martin zenye jalada jepesi zimeigawa juzuu ya tatu vitabu viwili, na ya tano vivyo hivyo. Vitabu saba mkononi, juzuu tano. Ukiokota kimoja njiani kwa bei ya kutupa, tazama kama jaladani pameandikwa ni sehemu ya pili. Kama ndivyo, umenunua nusu ya mwisho ya kisa ambacho hujasoma nusu ya kwanza, na muuzaji hana.

Kitabu cha kurasa 800 kifungue mara tatu kabla ya kulipa: robo, nusu, robo tatu. Ukiona mstari wa gundi umepasuka mgongoni, kurasa zitaanza kumwagika hapo hapo, na kwa jasho la mji huu hazitangoja mwezi. Koga juu ya jalada pangusa kwa kitambaa kikavu, kamwe si chepechepe. Usikianike juani, gundi hukauka na kuvunjika.

Vya utangulizi, vile vinavyoandikwa baadaye kueleza ya kabla: cha The Wheel of Time kilitoka 2004, baada ya juzuu ya 10. Kisome hapo au baadaye, si kwanza. Kina majibu ya maswali ambayo juzuu ya kwanza inataka uyaulize.

Filamu za televisheni nilikuwa na mengi, nayaacha.

Maghribi imekaribia. Juu ya meza hii kuna juzuu za kwanza tano, za waandishi watano, na saa iko ukutani. Anayetaka kupima kasi yake achukue kimoja, akae. Dakika 20, kuanzia sasa.