Acha kuandika "tulifanya": nilivyoomba MBA ya watendaji nikiwa kazini

Habari za mchana, ndugu zangu. Kwenu huko ni saa nane, wengine mnamalizia chakula. Huku kwangu Chicago ni saa kumi na moja alfajiri, giza bado, na theluji imepanda mpaka usawa wa dirisha la jikoni. Nimekaa hapa mezani na chai yangu ya tangawizi, watoto wamelala, kwa hiyo nitaongea taratibu. Ongezeni sauti kidogo.

Jana usiku, saa nne kasoro, nilibonyeza kitufe nikatuma maombi yangu ya chuo. Miezi saba ya kazi imeishia kwenye kitufe kimoja. Chuo sitakitaja, kwa sababu hawajanijibu, na jambo la mtu likiwa halijaiva si vizuri kulitajataja. Ila safari yenyewe nataka niwasimulie ingali mbichi. Kuna dada mmoja wa Mwanza, mhasibu, ana miaka kumi na moja kazini, aliniandikia: "Dada, mimi si mtoto wa shule tena, nina familia na bosi. Naanzia wapi?" Mdogo wangu, video hii ni yako.

MBA ya watendaji, EMBA kama wanavyoifupisha, ni shahada ya uzamili ya biashara kwa mtu ambaye tayari anasimamia watu au bajeti na hana mpango wa kuacha kazi. Mara nyingi unasoma Ijumaa na Jumamosi, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi kama 18 hadi 24. Ya kwanza ilianzia mji huu huu ninaoishi, Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1943, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto. Leo wanasomea Gleacher Center, jengo lililo ukingoni mwa Mto Chicago. Nimepita pale miaka na miaka nikienda mjini, wala sikuwahi kuwaza kwamba mle ndani kuna watu wa umri wangu wamekaa darasani na madaftari. Kaskazini kidogo, Evanston, kuna Kellogg, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Ziwa Michigan. Vyuo vya namna hii hutaka uwe na uzoefu wa miaka minane, kumi au zaidi, na wengi darasani wana thelathini na kitu, wanaelekea arobaini. Mimi nina thelathini na tisa. Sijachelewa, na wewe hujachelewa.

Kabla sijaenda mbali, tafadhali nisikilizeni hapa: msiichukulie EMBA kama njia ya kupata viza. Imetengenezwa kwa mtu mwenye kazi pale alipo. Mimi nilikuja 2012 kwa bahati nasibu ya grinikadi, kwa hiyo suala la viza halikunihusu. Akitokea mtu huko anakuambia lipa hela nikutafutie EMBA Marekani upate viza ya mwanafunzi, usimpe hata shilingi. Andikia chuo chenyewe, uliza wanatoa fomu ya I-20, ile ya chuo unayoombea viza ya mwanafunzi, kwa programu hiyo au hawatoi, upate jibu kutoka kwao.

Sasa nije kwenye lililonikalia moyoni, nalo ni insha.

Swali lilikuwa fupi: eleza wakati ulioongoza mabadiliko kazini, kwa maneno 500. Nikasema hili jepesi. Nafanya kazi kwenye ghala la vifaa vya hospitali: sindano, glavu, mirija ya dripu. Niliingia 2013 kama mpakiaji wa usiku, leo nasimamia watu arobaini na wawili katika shifti mbili. Nikaandika jinsi tulivyoona oda zinakosewa, tukakaa, tukapanga upya rafu, tukapunguza makosa. Nikaisoma mara tatu, nikaridhika nayo.

Nikampelekea mama mmoja Mmarekani aliyewahi kuwa bosi wangu, amestaafu. Tulikaa jikoni kwake, akasoma na kalamu nyekundu mkononi, kimya kabisa. Alipomaliza akanigeuzia karatasi. Kila penye "sisi" alikuwa ameizungushia duara. Nilihesabu, maduara kumi na tisa katika ukurasa mmoja. Chini pembeni ameandika: "Na wewe ulikuwa wapi?"

Niliumia, kwa sababu mimi nilijua nimeandika kwa adabu. Sisi tumelelewa na "chema chajiuza, kibaya chajitembeza". Ukisimama mbele za watu ukasema mimi nilifanya hiki, mimi nilifanya kile, wakubwa wanatazamana. Hata barua za kazi tunaandika hivyo hivyo, tumejificha nyuma ya idara. Nimesoma CV za vijana wengi wa nyumbani mnaonitumia, na nyingi zinasema "nilishiriki katika", "nilihusika na". Unamaliza kurasa mbili hujui huyu mtu anaweza nini.

Usiku ule nikampigia mama Tanga. Mama yangu alikuwa kijumbe, yaani mkusanyaji wa hela, wa mchezo (upatu) wa kina mama pale soko la Mgandini, miaka mingi, wanawake ishirini na kitu, kila Jumamosi anapita meza kwa meza na daftari lake lenye jalada la buluu. Nikamwambia, mama, hawa watu wanataka nijisifu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Ile hela ya mchezo ingepotea, wangekuja kwa nani?" Nikamwambia, kwako. "Basi hiyo si sifa. Hiyo ni dhamana. Kama ghala lingeharibika wangekuja kwako, sema ni wewe."

Ndugu zangu, niliandika insha upya usiku huo huo. Hayo maneno ya mama ndiyo yaliyonifungua, kwa sababu nimeanza kuelewa chuo kinatafuta nini. Kinataka kujua jambo lilipokuwa gumu, nani aliamua, na uamuzi ule ungeharibika, nani angejibu.

Insha mpya ilianza hivi: kwa usiku nne nilitembea nyuma ya wapakiaji na daftari, nikiandika kila safari. Nikaona mtu anavuka ghala zima kufuata boksi la glavu, bidhaa inayotoka karibu kila oda, huku rafu ya mbele kabisa imejaa vitu vinavyoombwa mara moja kwa mwezi. Nikachora mpango. Mzee mmoja wa shifti ya usiku, yupo pale kabla yangu, akaupinga mbele ya wenzake. Nilikasirika. Kesho yake nikarudi nikamwomba anionyeshe, na alikuwa na haki: nilikuwa nimeweka maboksi mazito ya maji ya dripu rafu ya juu, mtu angeumia mgongo. Nikabadilisha, na nikatangaza mbele ya watu wote kwamba marekebisho yale ni yake. Hilo nalo niliandika. Msiogope kuandika mahali mlipokosea, mradi mseme mlifanya nini baada ya hapo.

"Tulifanya" haikufutika yote. Zilibaki nne. Usiku wa Jumapili tulipohamisha rafu zenyewe, watu kumi na sita, mimi nikiwa mmoja wao na glavu mkononi, ile ilikuwa "tulifanya" ya kweli. Zile nyingine kumi na tano zilikuwa woga wangu tu.

Barua za wadhamini ni mwendo ule ule. Nyumbani tukiambiwa tutafute mtu wa kutuandikia barua, akili inakimbilia kwa mwenye cheo: mheshimiwa, profesa, mchungaji. Wengi hawajawahi kukuona ukifanya kazi, wataandika kwamba unatoka familia nzuri. Nenda kwa aliyekusimamia, anayejua siku mfumo wa kompyuta ulipozima ulifanya nini. Mpe wiki sita, mkumbushe kwa karatasi moja mambo matatu mliyoyapitia pamoja, halafu mwache aandike kwa maneno yake.

Mtihani. Vyuo vingine vinausamehe kwa wenye uzoefu mrefu, vingine vinautaka. Nilifanya ule unaoitwa Executive Assessment, umekuwepo tangu 2016, umetengenezwa kwa watu wa aina yetu. Ni dakika 90, maswali 40, sehemu tatu za nusu saa: kusoma majedwali na grafu, lugha, na hesabu. Alama ni kati ya 100 na 200, na wengi huwekewa lengo la kama 150. Hesabu zenyewe ni za kidato cha pili na cha tatu, asilimia, uwiano, milinganyo, ila kikokotoo huruhusiwi kwenye sehemu ya hesabu. Na kuna aina ya swali iliyonisumbua wiki tatu nzima: huulizwi jibu, unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Niliizoea nilipoacha kukokotoa. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, dakika arobaini kila siku, kwenye meza hii hii, miezi mitatu.

Vyeti. Hapa nilipoteza muda mwingi kuliko popote. Chuo nilichosoma shahada ya kwanza huko nyumbani kilichukua wiki kumi na moja kutuma transkripti, na mdogo wangu ilibidi aende ofisini kwao mara tano. Chuo cha Marekani kinaweza kukutaka upitishe vyeti kwenye shirika la tathmini kama WES, na hao wanataka transkripti itoke moja kwa moja chuoni, haipiti mkononi mwako. Kwa hiyo hilo lianze la kwanza kabisa, kabla hata ya insha. Jambo lingine, GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo. Yetu Tanzania ni kati ya tano, ya kwao ni kati ya nne. Mimi nina 3.7, daraja la pili la juu. Ukiiandika bila kusema ni kati ya tano, umedanganya bila kukusudia. Na ukijigeuzia mwenyewe kwa kikokotoo cha intaneti unaweza kujipunja. Kama fomu haijakuelekeza vingine, andika kama ilivyo kwenye transkripti, na useme ni kati ya ngapi.

Tuongee hela, maana najua mnasubiri. Kwa vyuo vikubwa vya huku ada ya programu nzima imepita dola 200,000. Piga kwa shilingi, ni kama nusu bilioni. Kuna vyuo vya majimbo vya bei ya chini zaidi, na mimi nimeomba huko. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mwajiri akulipie masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi, na waajiri wengi wana mpango huo, ila mfanyakazi asipouliza hakuna anayemwambia. Nami sikuambiwa miaka kumi. Niliposoma mwenyewe kitabu cha wafanyakazi, ukurasa wa karibu na mwisho, mpango ulikuwepo.

Lakini kabla ya hela chuo kinataka bosi akupe muda. Bosi wangu mara ya kwanza alikataa. Alisema Ijumaa ndiyo siku ya oda kubwa, na ni kweli. Sikubishana. Nilirudi wiki mbili baadaye na karatasi: Ijumaa zote za miezi ishirini nitakazokosekana, na mbele ya kila moja jina la atakayeshika nafasi yangu, na wote nilikuwa nimeshaongea nao. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Akasaini siku ya tatu.

Na nyie mlio nyumbani, msidhani lazima mvuke bahari. Nairobi kuna Strathmore Business School, Arusha kuna ESAMI, wanafundisha watu wazima wenye kazi zao, na utasomea mifano ya biashara za kwetu pamoja na watu utakaokutana nao tena sokoni. Popote utakapoomba, angalia ithibati. Kwa vyuo vya biashara vya nje herufi za kutafuta ni AACSB, EQUIS na AMBA, na kwa Tanzania hakikisha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itaitambua shahada yako. Kuna watu wanauza "EMBA" ya miezi mitatu kwa intaneti, bila mtihani, bila mwalimu. Inaniuma sana nikiona mtu ametoa kiinua mgongo chake kulipia karatasi.

Nikipita hatua hii kutakuwa na usaili, nusu saa kwa video. Nimeshaanza kujizoeza nikiendesha gari, kwa sauti: niliamua, nilikosea, nilibadilisha. Bado ulimi unanielekea kwenye "tuli", hasa nikichoka.

Dada wa Mwanza, naomba unitumie aya moja. Isiwe CV nzima, aya moja tu, kuhusu siku ambayo hesabu zilikataa kukubaliana na watu wakakutazama wewe. Nitaisoma Jumapili, na kalamu nyekundu ninayo.

Haya, naenda kukwangua theluji kwenye gari. Shifti ni saa moja.