Kibanda cha Makuti Huishi kwa Kukauka

Shikamooni wakubwa zangu. Na wengine nyote, habari za mchana.

Kabla sijasema lolote, tazameni kipande hiki cha paa. Ni safu chache za makuti ya viungo, yaani majani ya mnazi yaliyoshonwa kwenye ufito, zilizofungwa juu ya fito, na chini yake nimetandaza gazeti. Nakiinamisha nusu ya wima, yaani nyuzi 45, kisha namwaga jagi zima la maji. Mzee uliyekaa mbele, naomba uguse gazeti. Kavu. Sasa nakilaza, nyuzi 20 hivi, namwaga jagi la pili. Gusa tena. Limelowa chapachapa. Makuti ni yaleyale na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni mwinamo.

Nimeanza hapa kwa sababu wengi wanaotamani kibanda cha makuti bustanini huanza na mengine: umbo, viti, taa za kuning'iniza. Mimi huwauliza swali moja tu. Mvua ikishakwisha, kibanda chako kitakaukaje?

Bati huzuia maji. Kuti kazi yake ni kuyatelezesha. Tone hulifuata jani hadi nchani, likadondokea jani la chini yake, na hivyo hivyo mpaka michirizini, ukingo wa chini wa paa. Paa lililoezekwa sawasawa hulowa tabaka za juu tu, na za chini hubaki kavu. Jua na upepo vikija, zile za juu nazo zinakauka. Lakini paa lisilopata nafasi ya kukauka huota ukungu, kisha kuvu, na baada ya hapo ni mboji iliyoning'inizwa juu ya vichwa vya watu.

Kibanda changu cha kwanza nilikijenga chini ya mti mkubwa. Niliona nimepata kivuli juu ya kivuli. Majani yaliyopukutika yakajikusanya juu ya makuti, na matawi yakaendelea kudondosha maji saa nyingi baada ya mvua kukatika. Upande wa mti ulioza, nikauezua wote na kuuezeka upya, ilhali upande wa jua ulikuwa bado mzima. Iliniuma sana, maana makuti yale niliyashona kwa mikono yangu. Tangu hapo nasema: kibanda ndicho kivuli, hakihitaji kivuli kingine. Kipeni mahali pa wazi, upepo upite pande zote.

Turudi kwenye mwinamo. Kwa nini 45? Makuti hayalali sambamba na kombamoyo, ule mti wa paa unaoshuka kutoka kileleni. Kila kuti limelalia mengine yaliyo chini yake, kwa hiyo jani lenyewe limelala zaidi kuliko mti unaolibeba. Ukisimamisha makombamoyo kwa nyuzi 30, majani yanakuwa karibu yamelala chali. Maji yanasita, yanarudi nyuma, yanaingia. Kwangu mimi 45 ni kiwango cha chini kabisa. Penye mvua za kudumu, nenda 50.

Na 45 ina uzuri mwingine, hesabu yake ni nyepesi. Kimo cha paa ni nusu ya upana wake. Chukua kibanda cha nguzo nne, mita 3 kutoka nguzo hadi nguzo, na paa limetokeza nusu mita kila upande. Upana wa paa ni mita 4, basi kilele kinapanda mita 2 juu ya usawa wa michirizi. Ukitaka eneo la paa, zidisha eneo linalofunikwa kwa 1.4. Mita 4 mara 4 ni 16; mara 1.4 unapata kama mita za mraba 22 na nusu. Ukipanga safu kila sentimita 10, na kila kuti lina urefu wa sentimita 75 kwenye ufito wake, unahitaji makuti 300 hivi. Agiza 350, kwa sababu pembeni utakata na safu lazima zipandane.

Hapo kwenye sentimita 10 ndipo watu wanapojidanganya. Wanaona makuti yamebaki machache, wanapanua nafasi iwe 15, iwe 20. Jani lenye urefu wa sentimita 60 likipangwa kila sentimita 10, popote utakapochoma kidole kuna matabaka 6. Ukipanga kila 20, yamebaki 3. Kwa macho paa ni lile lile. Mvua italitofautisha.

Kuhusu umbo nitasema machache. Kuti limenyooka na linapenda paa lililonyooka: vipaa viwili au vinne, yaani pande zinazoteremka. Anayetaka duara atumie nyasi, zinakubali kuzunguka. Ila paa la vipaa vinne lina makutano manne ya pembeni, na kila makutano ni mahali pa kuvuja. Yafunikeni kwa makuti yaliyokunjwa katikati, yakae pande zote mbili. Kileleni wekeni kofia. Chungu kilichopinduliwa kinafaa kabisa, na mimi nakipenda kuliko bati. Mgongo na kilele huchakaa kabla ya sehemu nyingine, kwa hiyo jiandaeni kuvikarabati mapema.

Sasa nguzo. Hapa naomba subira yenu, maana nguzo ndiyo huangusha kibanda. Mti haupendi kuoza ukiwa umekauka daima, wala haupendi kuoza ukiwa umezama majini daima. Huoza pale unapolowa na kukauka, unapokutana na hewa na unyevu kwa pamoja, na mahali hapo ni usawa wa ardhi. Chimbua nguzo kuukuu yoyote: juu nzima, chini kabisa mara nyingi nzima, lakini kwenye kiuno chake pale ardhini imeliwa.

Watu wengi huchimba shimo, husimamisha nguzo, kisha humwaga zege pande zote na chini. Wamemtengenezea mti kikombe. Maji yakiingia hayana pa kutokea. Fanyeni hivi: chini ya shimo kokoto, kiasi cha sentimita 15, nguzo ikae juu yake, zege lizunguke pembeni tu, na juu lipande kidogo kuliko ardhi likiteremka kuelekea nje. Kina kiwe sentimita 70 kwa nguzo ya mita 3. Hapo unabaki na mita 2.3 juu, na mchirizi unakuja kama mita 1.8 kutoka chini. Mtu mrefu atainama kidogo kuingia, lakini mvua ya upepo haitamfuata ndani. Njia bora zaidi ni kukalisha nguzo juu ya kiatu cha chuma kilichozikwa kwenye zege, isiguse ardhi hata kidogo. Mchwa nao wakipanda utawaona.

Na chini ya michirizi, chimbeni mfereji mwembamba mjaze kokoto. Maji yanayoanguka kutoka paani hurusha tope, na tope hilo hupaka miguu ya nguzo unyevu kila mvua. Kokoto humaliza jambo hilo siku moja.

Kibanda kisicho na kuta kina adui mwingine, upepo unaoingia chini na kulisukuma paa juu. Uzito wa makuti hautoshi kulizuia. Kila kombamoyo lifungwe kwenye mtambaapanya, mti unaolala juu ya nguzo, na mtambaapanya ufungwe kwenye nguzo kwa bolti au waya wa mabati. Msumari peke yake utang'oka. Wekeni pia mikono ya mshazari kwenye kila kona, la sivyo kibanda kitayumba. Miti mibichi hunywea inapokauka na kamba hulegea. Baada ya miezi michache panda ngazi uzikaze. Kamba ya usumba, zile nyuzi za nazi, inatosha kufungia makuti, maana yenyewe iko upande mkavu. Mianzi nayo ni mizuri kwa fito, iwe imekomaa, ya miaka 3 hadi 5, na iloweshwe kwenye maji ya boraksi, la sivyo wadudu bungua wataisaga unga.

Moto. Makuti makavu hushika haraka kuliko mtu anavyoweza kukimbilia ndoo. Msiweke jiko chini yake, wala mshumaa, wala nyaya za umeme zisizo ndani ya bomba. Kiwe mbali na nyumba, na mpira wa maji ufike pande zote. Ulizeni pia mamlaka ya mahali penu kabla ya kuchimba shimo la kwanza, kwa kuwa sehemu nyingi zina masharti ya umbali kwa paa la majani.

Nimeulizwa hapo nyuma kuhusu makuti ya plastiki. Yanadumu, hilo kweli. Lakini hewa haipenyi kama kwenye jani, na sababu ya sisi kutaka kukaa chini ya makuti saa nane mchana ni ule ubaridi unaotokana na matabaka ya majani yenye hewa katikati. Kwa wanaoishi penye baridi na unyevu mwingi, ambako jani la mnazi litaoza upesi, mimi ningechagua matete. Yakiezekwa nene na kwa mwinamo huu huu, hudumu zaidi kuliko kuti.

Sasa sogeeni mezani. Kuna fito, kuna majani niliyoyaloweka tangu jana yawe laini, na kuna uzi. Kunjeni jani juu ya ufito, la pili lipande nusu ya la kwanza, mshone. Ukimaliza, linyanyue kuti lako mbele ya dirisha. Ukiona mwanga katikati ya majani, fumua, tuanze tena.