Kadi ipi ikuletee tiketi? Hesabu ya pointi kwa mtu wa Lubumbashi

Jambo yenu, ba mama, ba papa na ba yaya wa Lubumbashi, na ninyi mnaotazama kutoka Likasi, Kolwezi na ng'ambo. Leo tunashika kalamu. Chukueni daftari, simu yenye kikokotoo, na karatasi mbili za benki: taarifa ya akaunti ya mwezi uliopita, na karatasi ya ada, ile yenye maandishi madogo ambayo watu huipita bila kuisoma. Kama hii ya pili hamna, simamisheni video hapa, mpite benki muiombe, ndipo mrudi. Bila karatasi hiyo tutakuwa tunakisia.

Tunataka kujua kadi gani ya zawadi, yaani kadi ya benki inayokupa pointi kila ukilipia kitu ili baadaye uzibadilishe kwa tiketi ya ndege, inamfaa mtu anayeishi hapa, na gani imfae ndugu yake aliyeko Marekani au Ulaya ambaye kila mwaka anataka kuja kuona wazazi. Haya ni mambo mawili tofauti, na wengi wanayachanganya. Wanaona video ya mtu wa Texas anayesema amesafiri bure kwa pointi, wanakwenda benki hapa mjini kuomba kadi ya dhahabu, wanalipa ada, na mwisho wa mwaka hawajapata hata nusu ya tiketi.

Hatua ya kwanza: jua kadi iliyo mfukoni mwako ni ya aina gani.

Itoe. Kuwa na nembo ya Visa au Mastercard hakuifanyi kuwa kadi ya mkopo. Kadi nyingi za hapa kwetu ni za debiti, zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti yako, au za kujaziwa, unazoweka dola kwanza ndipo utumie. Kadi ya mkopo ni ile ambayo benki inakulipia leo, halafu mwisho wa mwezi inakuletea hesabu. Kwa kawaida benki haitoi hiyo kabla haijaona mshahara wako unapita kwake, au haijashika dhamana.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya mahali pointi zinapotoka. Unapopitisha kadi dukani, mwenye duka hapokei pesa yote. Sehemu ndogo inakatwa, na kipande cha hiyo kinakwenda kwa benki iliyokupa kadi. Humo ndimo pointi zinamotoka. Marekani kipande hicho ni kinene kwa kadi za mkopo, kwa hiyo benki zao zinaweza kugawa zawadi nono. Umoja wa Ulaya ulikibana mwaka 2015: kisizidi asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo na 0.2 kwa debiti. Ndiyo maana shangazi aliyeko Brussels, hata akitumia kadi kila siku, hatapata pointi kama kaka aliyeko Dallas. Msimlaumu.

Hatua ya pili: andika pesa yako inapita wapi. Hapa tukae kidogo, maana ndipo mambo yote yanapoamuliwa.

Angalieni daftari langu kwenye skrini. Nimeandika mfano wa nyumba inayotumia dola 900 kwa mwezi. Nyumba ya kupanga 350. Soko 200, yaani bunga, sombe, samaki, mafuta, makala ya kupikia. Shule 100. Mafuta ya gari 80. Supamaketi 80. Muda wa simu na intaneti 50. Vitu vya kununua mtandaoni 40. Jumla 900.

Sasa chukueni kalamu ya rangi nyingine, mzungushie duara kila mahali ambapo kadi inakubaliwa kweli. Mwenye nyumba anataka dola mkononi, tena zisiwe na mchaniko. Mama wa soko la Kenya, hapa mjini, hana mashine. Shule inataka bordero, ile karatasi ya benki inayoonyesha umeweka pesa taslimu. Muda wa simu mnanunua kwa M-Pesa au Airtel Money. Zinabaki supamaketi 80, mtandaoni 40, na mafuta ya gari tuseme 50, kwa kuwa si kila kituo kina mashine, na siku nyingine mashine ipo lakini mtandao haupo. Jumla ya duara zetu ni 170.

Katika dola 900, kadi inaona 170 tu. Kwa mwaka ni 2,040. Kadi ikitoa pointi moja kwa kila dola, una pointi 2,040. Iandikeni namba hiyo pembeni, tutairudia sasa hivi.

Kila mtu afanye yake. Anayekwenda Dubai au Guangzhou kuleta mizigo, akilipa hoteli na tiketi kwa kadi, duara zake zitakuwa kubwa kuliko zangu. Mfanyakazi wa kampuni ya madini anayesafiri kwa kazi, naye vilevile. Lakini msiandike mnayotamani kulipa kwa kadi. Andikeni mliyolipa mwezi uliopita, taarifa ya akaunti iko mbele yenu.

Hatua ya tatu: pima pointi moja ina thamani gani.

Benki au shirika la ndege likikuambia utapewa pointi 20,000, bado hujaambiwa chochote. Fanyeni hivi. Tafuta tiketi unayoitaka, uone bei yake kwa pesa. Kisha tafuta tiketi hiyohiyo, siku hiyohiyo, kwa pointi. Utaona pointi zinazotakiwa na juu yake kodi, kwa sababu tiketi ya pointi karibu kila mara huacha kodi na ada ulipe kwa pesa. Toa kodi kwenye bei ya pesa, gawanya kwa idadi ya pointi.

Mfano wa kujifunzia: tiketi ni dola 700. Kwa pointi wanataka 40,000 na kodi dola 180. Mia saba toa 180 ni 520. Gawanya 520 kwa 40,000, unapata 0.013, yaani senti 1.3 kwa pointi moja.

Sasa rudini kwenye ile namba ya pembeni. Pointi 2,040 mara senti 1.3 ni kama dola 26 na nusu kwa mwaka mzima. Chukueni karatasi ya ada, tafuteni mstari wa ada ya kadi kwa mwaka. Mstari huo ukisema dola 50, kadi hiyo inakula pesa yako, hata kama ni nyeusi na inang'aa. Kwa nyumba kama hii ya mfano nasema wazi: chukua kadi ya bei ndogo kabisa inayokubalika mtandaoni, usahau neno zawadi. Maili zako, yaani pointi za shirika la ndege, utazipata kwa njia nyingine, tutafika.

Hatua ya nne: mlinganisho wa kadi mbili za ndugu aliyeko Marekani.

Kaka zetu walioko kule, hapa ndipo penu. Nachukua kadi mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni Citi Double Cash: haina ada ya mwaka, inarudisha asilimia 2 kwa kila kitu, moja unaponunua na moja unapolipa deni. Ya pili ni Chase Sapphire Preferred: ada dola 95 kwa mwaka, pointi 3 kwa dola kwenye mikahawa, 2 kwenye safari, 1 kwa mengi yaliyobaki.

Tuseme mtu anapitisha dola 18,000 kwa mwaka kwenye kadi: mikahawa 3,600, safari 1,200, mengine 13,200. Double Cash inampa 360, hesabu imekwisha. Sapphire inampa pointi 10,800 za mikahawa, 2,400 za safari, 13,200 za mengine. Jumla 26,400. Kwa thamani yetu ya senti 1.3 ni dola 343. Ondoa ada 95, zinabaki 248. Kadi isiyo na ada imeshinda, na kwa pengo kubwa.

Lakini huyo mtu akijua kutumia pointi zake mpaka kila moja imletee senti 2, zinakuwa 528, toa 95, zinabaki 433. Sapphire inapita mbele. Mpaka kati ya hizo mbili uko kwenye senti 1.7 hivi. Kwa hiyo kabla hujaomba kadi ya pointi, nenda hatua ya tatu kwa tiketi yako halisi, ya kuja Luano, uwanja wetu wa ndege, mwezi unaotaka kuja. Desemba bei za pesa zinapanda sana, na ukibahatika kupata kiti cha pointi siku hizo thamani inakuwa nzuri. Shida ni kukipata hicho kiti.

Benki nyingi za kule hutoa pointi za ukaribisho ukitumia kiasi fulani miezi ya kwanza. Hizo zinabadilisha hesabu ya mwaka wa kwanza, ni kweli. Hesabuni mwaka wa pili peke yake, muone kama kadi bado inajilipia. Kama haijilipii, mwulizeni mwenye benki kama inaweza kubadilishwa iwe isiyo na ada.

Hatua ya tano: mambo matatu yanayofuta zawadi yote.

Riba ndiyo kubwa. Kadi za mkopo za Marekani mara nyingi zina riba inayozidi asilimia 20 kwa mwaka. Ukiacha deni la dola 1,000 likae mwaka, unalipa zaidi ya 200, na zawadi ya dola 1,000 hiyohiyo ilikuwa 20. Mtu ambaye hawezi kulipa deni lote kila mwezi asicheze na pointi kabisa. Nalisema kwa upendo, maana najua uzito wa simu za nyumbani zinazoomba msaada.

La pili ni kutoa pesa taslimu. Ukienda kwenye mashine ya pesa na kadi ya mkopo, hupati pointi, unalipa ada, na riba inaanza siku ileile. Kutuma pesa nyumbani kwa kampuni ya kutuma pesa, ukilipia kwa kadi ya mkopo, benki nyingi huhesabu vilevile kama umetoa taslimu. Tumieni akaunti ya kawaida kwa kazi hiyo.

La tatu linawapata ndugu wakifika likizo. Baadhi ya kadi, Double Cash ikiwemo, hukata asilimia 3 kwa malipo ya nje ya Marekani. Wageni wetu wanadhani kwa kuwa Lubumbashi tunalipa kwa dola, makato hayo hayawahusu. Benki nyingi huangalia duka liko nchi gani, sio noti ya aina gani. Utapata asilimia 2 na kulipa 3. Sapphire Preferred haina makato hayo, na hiyo ndiyo nguvu yake kwa msafiri.

Hatua ya sita: maili bila kadi.

Jiandikishe kwenye mpango wa shirika la ndege unalolipanda. Ni bure. Kwa mtu wa Lubumbashi anayepitia Addis Ababa ni ShebaMiles ya Ethiopian Airlines. Andika jina lako kama lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi, na jina la baba mahali palepale. Ukinunua tiketi kwa wakala mjini, mpe namba yako kabla hajachapisha. Maili ni za anayekaa kwenye kiti, hata kama tajiri wako wa kazini ndiye aliyelipa. Tiketi za bei ya chini kabisa huleta maili chache, kwa hiyo usishangae wawili mliokaa pamoja mkipata tofauti. Tunza kipande cha tiketi ya kupandia mpaka uone maili zimeingia, kwa kuwa zikikosekana ndicho utakachoonyesha.

Safari moja ya Guangzhou kupitia Addis inaweza kukupa maili kuliko mwaka mzima wa kupitisha kadi supamaketi.

Hatua ya saba, kwa familia zilizogawanyika kati ya hapa na kule. Ethiopian imo katika Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, tangu Desemba 2011, pamoja na United na Air Canada. Pointi za Chase zinahamia United, pointi moja kwa maili moja, na maili za United zinaweza kununua kiti cha Ethiopian. Maana yake kaka wa Dallas anaweza kumleta mama kutoka Luano kwa pointi zake, jina la tiketi likiwa la mama. Wanaopitia Nairobi, Kenya Airways iko SkyTeam, muungano mwingine, pamoja na Air France, KLM na Delta, kwa hiyo pointi zinazohamia Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, ndizo za kutazama.

Fuateni mpangilio huu. Kwanza mtafute kiti kwenye tovuti ya United, mkione kabisa, na tarehe. Pili mpige picha ya skrini yenye pointi na kodi. Tatu mpige ile hesabu ya senti. Nne ndipo mhamishe pointi, tena zile tu zinazotosha, maana zikishahamia kwa shirika la ndege hazirudi benki. Tano mnunue saa ileile, kabla kiti hakijachukuliwa na mwingine. Viza ya mama iwe imeshatoka, na tayarisheni pesa ya kodi na ya Go-Pass, ile ada ya viwanja vya ndege vya Kongo; hizo pointi hazizigusi.