Kusahihisha Si Mwisho wa Zoezi: Ufahamu wa Kiingereza katika Gaokao ya China

Wakubwa wetu, shikamooni. Walimu wenzangu na wanafunzi mliofika, habari za mchana.

Nimeombwa nieleze jinsi vijana wa China wanavyojiandaa kwa sehemu ya ufahamu wa Kiingereza katika mtihani wa kuingia chuo kikuu. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu nilipokuwa nasomea ualimu Jinhua, mkoani Zhejiang, jambo hili ndilo lililoniingia moyoni kuliko yote. Nina neno moja la kusema, na nitalisema mapema ili mnipime nalo: zoezi la ufahamu huanza kumfundisha mtoto pale linapokwisha kusahihishwa. Yanayotangulia hapo ni kipimo tu.

Mtihani wenyewe huitwa Gaokao. Karatasi ya Kiingereza hufanywa tarehe 8 Juni, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni. Mwaka 2024 walijiandikisha watahiniwa milioni 13.42. Magari hukatazwa kupiga honi karibu na vituo, na wazazi husimama nje ya geti. Mtoto ana alama 750 za kugombea kwa jumla, na lugha ya kigeni imebeba 150, sawa na Kichina, sawa na hisabati. Inaruhusiwa kuchagua Kijapani, Kirusi, Kifaransa na lugha nyingine chache, lakini wengi mno hufanya Kiingereza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mtihani uliporudishwa mwaka 1977, baada ya miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, Kiingereza hakikuwa na uzito kwa watahiniwa wengi. Uzito uliongezwa hatua kwa hatua, na mwaka 1983 alama zake zikaanza kuhesabiwa zote. Yu Minhong, ambaye mwaka 1993 alianzisha New Oriental, kampuni kubwa ya masomo ya ziada, alikuwa kijana wa kijijini aliyetaka kusomea Kiingereza. Alianguka mwaka 1978, akaanguka tena 1979, na ilipofika 1980 akaingia Chuo Kikuu cha Peking. Habari hiyo husimuliwa sana madarasani kule, na mimi naona husimuliwa kwa faida ya uvumilivu peke yake, bila mtu kuuliza mwaka ule wa tatu alisoma nini tofauti.

Sasa tuingie ndani ya karatasi. Katika karatasi ya kawaida ya kitaifa, kusikiliza kuna alama 30, matumizi ya lugha 30, kuandika 40, na kusoma 50. Hizo 50 zina mafungu mawili. La kwanza ni vifungu vinne, A, B, C na D, vyenye maswali 15 ya kuchagua, kila swali alama 2.5. La pili ni kifungu kimoja kilichonyofolewa sentensi tano. Mtahiniwa hupewa sentensi saba, achague tano azirudishe mahali pake, na mbili zibaki bila kazi. Majibu hupakwa kwa penseli ya 2B ili mashine iyasome.

Kifungu A kwa kawaida ni tangazo au maelekezo: ratiba ya makumbusho, masharti ya shindano, nauli. Hicho mtoto hupita nacho mbio. B mara nyingi ni kisa cha mtu. C na D ndiko kwenye mlima, maana huko hukutana na utafiti wa kisayansi, hoja ya mwandishi juu ya teknolojia, au mapitio ya kitabu. Msamiati si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani. Mtaala umeorodhesha maneno yapatayo 3,000, na neno gumu lililo nje ya orodha hiyo watungaji huweza kuliwekea maana yake kwa Kichina papo hapo kwenye kifungu. Mtoto aliyeyajua maneno yote bado hukosa. Kwa nini?

Nimetunga mfano mdogo ili tuone kwa macho. Kifungu chetu kinasema hivi:

Wakulima walipanda miti kando ya mto ili kuzuia mmomonyoko. Miaka michache baadaye samaki waliongezeka. Watafiti walikisia kwamba kivuli cha miti kilikuwa kimeyapoza maji. Walipopima, waliona joto la maji halikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Lakini juu ya maji, chini ya matawi, walikuta wadudu wengi walioanguka kutoka kwenye majani, na matumbo ya samaki yalikuwa yamejaa wadudu hao.

Swali: kifungu kinaeleza samaki waliongezeka kwa sababu gani? A, maji yalipoa kwa sababu ya kivuli. B, miti iliwaongezea chakula. C, udongo haukumomonyoka tena, kwa hiyo maji yakawa safi. D, samaki wa mto huo huishi kwa wadudu wa miti peke yao.

Angalieni A. Maneno yake yote yamo ndani ya kifungu: maji, kupoa, kivuli. Mtoto anayewinda maneno atalikamata hilo kwanza, na watungaji wanajua atalikamata. Kosa lake ni kwamba hayo yalikuwa makisio ya watafiti, na sentensi iliyofuata imeyaondoa. C ni hatari kwa namna nyingine, kwa sababu ni jambo la busara. Mtu yeyote aliyeishi karibu na mto atakubali kwamba udongo ukishikwa maji huwa safi. Ila kifungu hakikusema hivyo, na mwanafunzi mwenye akili na uzoefu ndiye huanguka hapo, kwa sababu anajibu kutokana na maisha yake badala ya karatasi. D imeanza vizuri ikazidisha chumvi mwishoni, pale kwenye "peke yao". Jibu ni B, na tazameni lilivyojificha: halina neno wadudu, halina neno majani, halina neno matumbo. Jibu sahihi katika mtihani huu mara nyingi huvaa maneno mapya, na majibu ya uongo huvaa maneno ya kifungu.

Walimu wa China wanazijua mbinu hizi zote, wamezipa majina, na huwafundisha watoto kuzitambua. Wanayapanga na maswali kwa aina: ya kutafuta habari, ya kukisia maana ya neno, ya kufikia hitimisho, ya wazo kuu, ya msimamo wa mwandishi. Hiyo ni kazi nzuri. Linalonisumbua ni lile linalofuata. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari ana rundo la mitihani ya miaka iliyopita na ya majaribio. Katika prepo ya usiku anafanya vifungu vinne, anatazama majibu, anahesabu alizopata, anaandika alama kwa wino mwekundu juu ya karatasi, anageuza ukurasa. Kesho vinne vingine. Wengi wana daftari la makosa, na hilo nalisifu kwa dhati, lakini ukilifungua unakuta: swali la 31, niliandika A, jibu ni B. Basi. Daftari la namna hiyo limetunza herufi, halikutunza kosa.

Ninachowaomba walimu ni kumrudisha mtoto kwenye kifungu penseli mkononi. Apige mstari chini ya sentensi inayolibeba jibu. Halafu, na hapa ndipo penye uzito, aandike kwa kila jibu la uongo kwa nini ni la uongo: hili lilikuwa makisio, hili halikusemwa, hili limezidisha. Kwa lugha gani? Kwa lugha yoyote anayoimudu. Akiandika kwa Kichina sina ugomvi, maana tunataka kuona akili yake ilipopotea, na kule mwanzoni itajieleza vizuri zaidi kwa lugha ya mama. Kazi hii hula muda. Kifungu kimoja kinaweza kumaliza kipindi kizima. Mwalimu anayekimbizana na ratiba ataona amepoteza siku, lakini siku yenyewe imepotea pale mtoto alipofanya vifungu vinne akatoka na kosa lile lile aliloingia nalo.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani mpaka umkalishe mtoto asome kwa sauti akieleza. Kichina huweka maelezo yote mbele ya jina. Sisi tunasema "mti ulioangushwa na upepo uliovuma jana usiku". Mti umetajwa kwanza, maelezo yanaufuata nyuma. Kichina kingeanza na jana usiku, kikaja upepo, kikaja kuangushwa, na mti ungekuja mwisho kabisa. Kiingereza katika hili kinafanana na Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Zhejiang anapokutana na sentensi ya mistari mitatu katika kifungu D, jina likiwa mwanzoni na kitenzi chake kimefichwa mbali huko mwishoni, hupoteza ni nani aliyefanya nini. Maneno yote anayajua, lakini mtenda amemponyoka.

Kadhalika vitenzi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kwa wakati wala kwa sharti. Sisi tuna "-nge-" na "-ngali-" zinazotuonya kwamba jambo halikutokea: kivuli kingeyapoza maji, samaki wangeongezeka. Msomaji wa Kiswahili akiiona "-nge-" anajua hapo hakuna maji yaliyopoa. Kiingereza nacho kinaonya, lakini kwa alama ndogo ambayo jicho lililozoea Kichina huiruka, na mtoto akaondoka akiamini jambo lilitokea. Mazoezi ya kuhesabu majibu hayatalifunua kosa hili hata akifanya vifungu elfu. Litafunuliwa na mwalimu atakayekaa naye na kumuuliza: nani? alifanya? au angefanya?

Waandaaji wa mtihani wenyewe wameliona tatizo la kusoma kwa kuwinda herufi. Mwaka 2016 mkoa wa Zhejiang ulianza kutumia swali la kuendeleza kisa: mtahiniwa anasoma hadithi iliyokatizwa, anapewa sentensi ya kuanzia aya mbili, naye anaimalizia kwa maneno kama 150. Sasa swali hilo limeenea katika karatasi za mikoa mingi, lina alama 25. Mimi nalihesabu kuwa swali bora la ufahamu katika karatasi nzima ingawa limewekwa kwenye kuandika, kwa sababu huwezi kuiendeleza hadithi usiyoielewa. Kama mama katika hadithi alificha barua, nawe ukaandika kwamba mtoto aliisoma mezani asubuhi, msahihishaji ameshajua. Hapa hakuna A wala B ya kubahatisha.

Kwa wenzetu wa Kenya hili si geni. Karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, humtaka mtahiniwa aandike majibu ya ufahamu mwenyewe, na maswali mengine humdai atumie ushahidi kutoka kwenye kifungu. Lakini mfumo wa watu milioni 13 una sababu zake za kutegemea mashine, na silaumu.

Nizungumzie kidogo mwandiko, maana mtashangaa. Watoto kule hujifunza kuandika Kiingereza kwa herufi za mviringo zilizosimama sawasawa kama zimechapwa. Mtindo huo hupewa jina la Hengshui, mji wa mkoa wa Hebei ambao shule yake inajulikana nchi nzima kwa nidhamu ya maandalizi. Karatasi hupigwa picha kwa mashine zikasahihishwa kwenye kompyuta, na mwandiko safi humpumzisha msahihishaji. Nimeona saa nyingi zikitumika hapo. Theluthi moja ya saa hizo ingetosha kuchambua kifungu kimoja kila juma.

Mwisho, mtoto wa kijijini. Kiingereza huanza darasa la tatu kwa sera ya mwaka 2001, lakini darasa la tatu la Shanghai na darasa la tatu la mlimani Guizhou hayalingani. Wa mjini ana vitabu vya hadithi nyumbani, huenda amesafiri, ana mzazi anayesoma Kiingereza. Wa mlimani, mara nyingi Kiingereza pekee alichowahi kukisoma kwa urefu ni vifungu vya mazoezi. Hiyo ndiyo maktaba yake. Humo amekutana na nyangumi, wachoraji, treni za Uswisi, mzee aliyejifunza kuogelea, na amevipita vyote akitafuta herufi ya kupaka penseli. Inaniuma sana. Ndiyo maana nawaambia walimu wa huko: mwezi Mei, wengine wanapoongeza karatasi mpya, nyinyi toeni zile za zamani. Ficheni maswali. Msomeshe kifungu chote tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kisha mtoto aandike chini yake, kwa maneno yake, mwandishi anadai nini na amelithibitishaje. Vifungu anavijua, hofu ya alama haipo, na kwa mara ya kwanza atasikia mwandishi akisema naye.

Nimeleta nakala za vifungu viwili vya aina ya D, bila maswali. Naomba zigawiwe sasa, tukae wawili wawili, na kila jozi iandike sentensi moja kabla hatujaanza kujadiliana.