Kugawa seli zinazoelea: usimwage maji yake

Asalaam aleikum, karibuni tena maabara hapa Chake Chake. Leo tunagawa seli za Jurkat, yaani tunazipunguza wingi na kuzitia chakula kipya. Ni seli nyeupe za damu, asili yake kijana wa miaka 14 aliyekuwa na saratani ya damu, na tangu miaka ya 1970 zingali zinakuzwa.

Kabla hujagusa chupa, sikiliza. Seli hizi hazinati chini ya chupa, zimo ndani ya midia yenyewe, yaani yale maji yenye chakula cha seli. Mimi nilizoea zile zinazonata, kwa hiyo siku ya kwanza nikanyonya midia kuukuu nikaitupa kama kawaida. Kumbe nimetupa seli za wiki nzima! Na midia ile ilivuka bahari kutoka Unguja ndani ya boksi la barafu. Iliniuma sana.

Haya, vaa glavu, futa ndani ya kabati la kufanyia kazi kwa spiriti ya asilimia 70. Midia mpya iwe imeshapashwa moto, nyuzi 37. Inamisha chupa taratibu mbele ya taa. Unaona wingu linavyopanda, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele? Ndizo hizo. Tripsini, ile dawa ya kubandua seli zinazonata, haina kazi hapa. Vuta kwa pipeti na urudishe, mara tano sita, bila ya kutia mapovu, mpaka vibonge vitawanyike.

Sasa hesabu. Usingoje midia igeuke njano, hapo zimeshachoka. Changanya seli kidogo na rangi ya tripani bluu, kiasi sawa kwa sawa, utie kwenye kioo cha kuhesabia. Zinazong'ara zi hai, zilizoingia buluu zimekufa. Mimi nimepata wastani wa seli hai 45 kwa kila mraba, katika ile miraba minne ya pembeni. Mara 2 kwa ajili ya ile rangi, mara 10,000 kugeuza mraba kuwa mililita: ni 900,000 kwa mililita. Nataka 300,000, basi nachukua mililita 5 za seli, natia 10 za midia mpya.

Ukitaka kuzitenga kabisa na midia kuukuu, tumia sentrifuji, mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi, g 200 (g ni kipimo cha nguvu inayozivuta seli chini) kwa dakika 5. Weka kwa g, si kwa mizunguko ya dakika, maana mashine hazilingani. Angalia kitonge hiki chini ya tyubu, hakizidi punje ya mchele. Usipindue tyubu. Nyonya maji kwa juu, ncha iwe mbali na kitonge, ubakishe kidogo. Gonga tyubu kwa kidole, ndipo utie midia.

Chupa zikisharudi kwenye inkubeta, lile kabati la joto la kukuzia seli, na umeme ukakatika, usifungue mlango kuchungulia. Joto lililomo ndilo linalozitunza.